Kivuko Kina Mwenyewe

Enjema Lyonga hapigi kelele. Waliofanya naye kazi pale Molyko, Buea, wanasema akikukasirikia hupunguza maneno kidogo kidogo, mpaka siku moja unagundua hujaisikia sauti yake mwezi mzima. Besong Tanyi alikaa naye meza moja miaka minne na tabia hiyo aliijua. Kwa hiyo ni vigumu kueleza kwa nini alidhani angesalimika.

Enjema ana miaka thelathini na sita. Anaishi Great Soppo, nyuma ya duka la dawa la dada yake Namondo, katika chumba ambamo nguo zilizofuliwa Juni hukauka Oktoba. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Hajaolewa, hajasafiri mbali kuliko Yaoundé, na kwaresima hula kwacoco, magimbi ya kukuna, bila samaki hata kama padre hamwoni.

Serikali ilipoukata mtandao katika mkoa wetu, Januari 2017, Enjema, Besong na wenzao walikuwa watengeneza programu kumi na wawili waliokuwa wakikodi ofisi moja. Ulikatwa siku tisini na tatu. Aliyetaka mtandao ilimbidi avuke Mto Mungo kwenda Douala, apite vizuizi vya askari, arudi kabla giza halijaingia. Baada ya wiki mbili walichoka, wakapangiana. Kila mmoja angefanya kazi nyumbani na kuiweka kwenye flashi. Jumanne na Ijumaa Besong angezikusanya flashi zote kumi na mbili, azitie kwenye mkebe wa biskuti, avuke nazo, aingie kwenye mkahawa wa mtandao Bonaberi na kupakia kazi za wote kwenye Banda. Jumatatu haikuwezekana, Jumatatu mji ulikuwa ukifungwa kwa mgomo na hakuna gari linalotembea.

Banda ni jina walilolitunga wenyewe. Ni tovuti ambamo watengeneza programu wa dunia nzima huweka kazi zao wazi, wengine wazisome, wazitumie, wazirekebishe. Kila badiliko huandikwa nani kalifanya na lini. Kwa watu wa kazi hii Banda lilikuwa karakana, kijiwe, na kabati la vyeti. Mtu asiye na shahada angeweza kuajiriwa kwa kilichoandikwa Banda chini ya jina lake.

Kosa lilifanyika kwenye meza ile ya Bonaberi. Ili kila kazi iandikwe kwa mwenyewe, Besong angelazimika kuingia mara kumi na mbili kwa akaunti kumi na mbili, kwenye kompyuta ya kukodi, mtandao ukikatika kila baada ya dakika kumi. Akatumia akaunti moja, yake. Kila kitu kikaingia kama cha Besong Tanyi.

"Mtandao ukirudi nitarekebisha," aliwaambia, na hakumficha mtu.

Hakuna aliyeona tatizo. Ni kosa wanaloweza kulifanya watu wanaojuana tu. Wao kumi na wawili walijua nani kaandika nini, na Banda nalo halikuwa na mazoea ya kuuliza. Kisha Ijumaa moja ya Machi askari kwenye kizuizi waliufungua ule mkebe, wakaziona flashi, wakamuuliza anapeleka siri za nani. Alilala ndani siku mbili. Alirudi mdomo umevimba, na mkebe anao. Baada ya hapo ni nani angemfuata kumwambia habari za majina?

Kazi kubwa iliyovuka kwenye mkebe ule ilikuwa ya Enjema. Aliiita Kivuko, na wenzake, wote ila Besong, walimwongezea vipande vidogo. Alianza kuiandika kwa sababu Namondo alikuwa akiagiza insulini Douala kwa simu, na mtandao ukiyumba oda ilipotea au ilifika mara mbili. Kivuko kilifanya jambo dogo na kulifanya vizuri: mtandao ukifa, kiliuweka ujumbe kwenye foleni, mtandao ukirudi, kiliutuma kila mmoja mara moja tu, kwa zamu yake. Kiliingia hata kwenye simu za bei rahisi kabisa. Watu wa Malawi walikichukua, kisha wa Bolivia, kisha wa Nepal. Kufikia mwisho wa mwaka programu zaidi ya elfu nne duniani zilikuwa zikikitegemea, na juu ya ukurasa wake kwenye Banda kulikuwa na jina moja, la Besong. Hitilafu ikiripotiwa, ilimfikia Besong, naye alimpelekea Enjema. Enjema alirekebisha, Besong akapakia. Mazoea ya flashi yaliendelea bila flashi.

Juni 2018 shirika la Norvane lilitangaza kwamba limelinunua Banda.

Watengeneza programu walikuwa na historia na Norvane. Kwa miaka ishirini shirika hilo lilipiga vita kazi za bure na za wazi, na sasa lilikuwa limenunua mahali zilipohifadhiwa zote. Jumapili iliyofuata wale kumi na wawili walikutana Bonduma, kwa mwenyekiti wao, Mola Ekema Molua (Mola kwetu ni kumwita mwanamume kwa heshima), katika kikao chao cha kila mwezi. Mkuu wa Norvane alikuwa ameshasema hakuna kitakachobadilika.

"Nyumba imeuzwa na sisi tumo ndani," alisema Bih Ngwa, ambaye hajawahi kuukosa msemo. "Tumeuzwa pamoja na vitanda na kunguni."

"Bih, subiri kwanza waharibu," alisema Ekema.

"Mola, wewe hata ukiumwa na nyoka utasubiri aseme samahani."

Besong ndiye aliyewatuliza. Alisema Banda bila wao ni ghala tupu, Norvane hawawezi kuwaudhi. Enjema alikuwa akimenya mayai ya kuchemsha.

Kilichobadilika kilikuwa kidogo, na hakuna aliyekitarajia. Mwenye nyumba mpya alikuwa na wanasheria, na wanasheria walitaka kujua kila kitu ni cha nani. Agosti, Norvane iliwaandikia walezi wa kazi mia tatu zinazotumiwa zaidi. Waliombwa watie sahihi kiapo kwamba wao ndio waandishi. Atakayetia sahihi angepewa cheo, na kama anataka, ajira. Besong alitia sahihi Kivuko peke yake. Septemba aliaga kwamba amepata kazi Dublin, wakamchinjia mbuzi. Enjema alichanga. Ndiye aliyepika.

Oktoba makala ilitoka kwenye ukurasa wa Norvane, yenye picha ya Besong amesimama kwenye daraja la Mungo. Alieleza jinsi alivyoandika Kivuko wakati wa siku tisini na tatu, katika chumba cha nyuma cha duka la dawa la dada yake, Soppo, akihofia insulini za wagonjwa.

Namondo aliisoma akiwa kaunta. "Kumbe nina mdogo wa kiume," alisema. "Mama alikufa bila kuniambia."

Enjema alipiga simu Dublin mara moja tu.

"Iya Enjema!" Besong alipokea kwa furaha, akimwita kwa heshima kama mwanamke wa kwetu anavyoitwa. "Ashia, pole na kazi! Mvua vipi huko?"

"Nimesoma makala."

"Iya, zile ni karatasi. Walitaka jina moja. Ningeandika majina kumi na mawili wangeitupa kazi yote."

"Ungeandika langu."

"Na wewe ungekuja huku? Wewe hata Douala husafiri bila kulia. Iya, mimi nimekiweka Kivuko mahali salama. Kinajulikana. Hukufurahi?"

"Dada yangu ni nani yako?"

"Walipenda hadithi, nika..."

"Sawa, Bwana Tanyi."

Alikata. Tangu siku walipofahamiana hakuwahi kumwita Bwana Tanyi. Kwa watu wa Buea alikuwa Mola, kama mwanamume yeyote unayemjali.

Aliwaandikia Norvane. Jibu lilikuja siku kumi na moja baadaye, la adabu sana. Walisema wamechunguza kumbukumbu za Banda na kukuta mabadiliko mia mbili na kumi na manne, yote yamefanywa na Bwana Tanyi, hakuna hata moja lenye jina la Bi Lyonga. Walisema wanaamini kumbukumbu.

Bih alitaka kelele: barua ya wazi, magazeti, wote kumi na mmoja watie sahihi. Enjema alimwambia angoje.

"Ningoje nini?"

"Ajaribu kukitengeneza."

Kisha akaanza kungoja, na ni kazi aliyoifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote. Kila asubuhi kabla ya chai alisoma kila kilichoingia kwenye Kivuko. Hitilafu ndogo zilipotokea, Besong alimwandikia kama zamani: Iya, nisaidie kidogo. Hakumjibu. Besong alizirekebisha mwenyewe, vibaya lakini zikapona.

Februari 2019 Norvane ilikiweka Kivuko ndani ya vituo vyake vya kupima mvua, maelfu, vilivyouzwa kwa serikali za nchi kame. Vituo hivyo havina mtandao. Gari hupita mara mbili kwa mwaka kuchukua taarifa. Kivuko kilikuwa kimeandikwa kuuhesabu ujumbe kuwa mfu baada ya siku tisini na tatu. Besong akaingia, akafuta 93, akaandika 365, akapakia.

Enjema aliliona badiliko Alhamisi asubuhi. Namondo anasema alimsikia akicheka, akadhani kuna mgeni.

Sababu ni hii. Ili Kivuko kiingie kwenye simu dhaifu, Enjema alibana kila kitu. Namba ya siku aliiwekea nafasi ndogo kabisa, isiyochukua zaidi ya 255. Ukiisukumia 365, kompyuta hailalamiki. Inahesabu hadi 255, inaanza upya kwenye sifuri, na mwishowe inabaki na 109. Besong aliwaahidi Norvane mwaka mzima, na alichowapa ni siku mia na tisa.

Siku ileile Enjema aliandika marekebisho, na kila mstari alioutia Besong aliufuta akaandika wake. Yalimchukua hadi saa saba mchana. Aliyaweka kwenye kompyuta ya Namondo na za wenzake kumi, akawaambia wasimpe mtu. Kisha akachukua kalenda ya duka, ile yenye tangazo la maziwa ya watoto, akahesabu kwa kidole mpaka katikati ya Juni.

Ekema alikuja kumwona. "Iya, hao wenye vituo hawajakukosea."

"Hawatapoteza kitu."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

Ilikuwa kweli. Aliyezoea duka la dawa hafuti oda, anaiweka kando. Ujumbe uliohesabiwa mfu Kivuko hakikuufuta, kiliukandamiza na kuufungia kwenye kona moja. Programu ya kuufungua Enjema aliimaliza wiki ileile mtandao uliporudi. Haikuwahi kupanda kwenye mkebe wala kufika Banda.

Juni magari yalifika kwenye vituo na kukuta mvua za Februari hazipo. Wahandisi wa Norvane waliigundua ile namba kwa siku moja, si wajinga. Waliiona pia ile kona iliyofungwa. Wakamgeukia mtu wao.

"Fungua," walimwambia. "Wewe ndiye uliyeandika."

Walimpa wiki. Siku ya pili alimpigia Enjema simu mara kumi na saba. Siku ya tatu alipanda ndege.

Kikao cha Jumapili kilifanyika kwa Ekema, mvua ikipiga bati kiasi cha kulazimisha watu kupaza sauti. Kikao hicho kina sheria zake. Mwanachama akimkosea mwenzake, huleta kreti la bia na jogoo, hukiri mbele ya wote, kisha glasi moja huzunguka. Wote wakishakunywa, jambo limefungwa. Atakayelitaja tena hutozwa yeye kreti. Katika miaka sita sheria hiyo ilikuwa imefunga ugomvi wa mke, wa kompyuta iliyoibwa, na ngumi moja.

Besong aliingia na koti la Dublin lililolowa, kreti begani, jogoo amefungwa miguu.

"Huyo jogoo naye amewahi kuandika programu?" aliuliza Bih. "Au tutamsoma kwenye makala?"

Watu walicheka. Besong naye alicheka, akakiri. Alikiri vizuri. Alisema alipoletewa kile kiapo aliona mlango mmoja unafunguka na nyuma yake hakuna mwingine. Alisema ile habari ya dada ilimtoka mdomoni na hakujua namna ya kuirudisha. Alilia kidogo. Mtu mmoja nyuma alisema "ashia, Mola," na Ekema akafungua chupa.

Glasi ilianza mkono wa kulia. Ilimpita mmoja, wa pili, wa tano. Ilimfikia Enjema. Akaipokea kwa mikono miwili, akampa Bih bila kuinywa.

"Sina kiu."

Bih aliishika glasi akamtazama mwenyekiti. Naye hakunywa.

"Iya," alisema Ekema polepole, "mtu amevuka bahari."

"Kuvuka amezoea."

"Nifanye nini tena?" Besong alisema. "Nimekuja. Nimesema. Nipige basi! Wananingoja mpaka Jumatano, Iya. Nipe hiyo programu ya kufungulia, nitawaambia wakuweke jina, naapa."

"Ulishawaapia."

Akafungua kompyuta yake juu ya meza, katikati ya chupa. Marekebisho yalikuwa pale, na programu ya kufungulia. Hakuwa ameyaweka Banda. Alikuwa ameyaweka kwenye hifadhi nyingine ndogo, inayoendeshwa na watu wasio na cha kuuza. Juu kulikuwa na orodha ya majina kumi na moja, kila jina na kile mwenyewe alichoandika: Bih sehemu ya lugha, Ekema majaribio, na kadhalika. Lililotangulia lilikuwa Enjema Lyonga. Leseni ilikuwa fupi. Yeyote achukue, bure, hata Norvane. Sharti ni moja: orodha isiguswe.

Besong hakuhitaji kuelezwa. Norvane wangelazimika kuchagua. Wakiichukua dawa, wameichukua na orodha, na orodha inasema kiapo walicho nacho ni cha uongo.

"Jina langu halipo," alisema.

"Ulitaka liwepo?"

"Nililala ndani siku mbili kwa ajili yenu!" Hapo ndipo aliposimama. "Nyinyi mlikuwa majumbani mnakula koki ya kunde. Nilipigwa mimi. Bila mimi hiki kitu kingeozea Soppo. Semeni kama ni uongo!"

Bih aliiweka glasi mezani. Mvua iliendelea.

"Hilo ni kweli," alisema Bih, bila kumtazama mtu.

"Ni kweli tupu," alisema Ekema, na uso wake ulipata nafuu, kama mtu aliyeona mlango. "Iya, mtie. Ni haki yake."

"Nimtie vipi, Mwenyekiti?"

"Kwa alichokifanya. Hivyohivyo kama sisi."

"Kikao kinakubali?"

Mikono ilinyanyuka yote. Enjema aliandika kwa dakika moja hivi, hakusita hata mara moja. Kisha akaigeuza kompyuta imwelekee Besong.

Palikuwa pameandikwa: Besong Tanyi. Alibeba flashi kutoka Buea hadi Douala, kila Jumanne na Ijumaa, Januari hadi Aprili 2017. Alikamatwa na kulala ndani siku mbili, na hakuziacha. Humu hakuandika hata mstari mmoja.

"Soma," alisema Enjema. "Kuna uongo hapo?"

Alisoma muda mrefu kwa mistari michache kiasi hicho.

"Sentensi ya mwisho iondoe. Nakuomba, dada yangu."

"Ni uongo?"

Besong alimtazama Ekema. Ekema alikuwa akiitazama glasi.

"Iya, iondoe."

"Nimekuuliza kama ni uongo."

"Si uongo," alisema Besong.

Enjema akabonyeza, ikaingia hadharani.

Norvane waliichukua dawa siku ya sita ya ile wiki, na orodha yake nzima. Walitoa tamko la aya mbili kwamba kumbukumbu zimesahihishwa. Makala ya daraja ikatoweka. Besong aliachishwa kazi kabla Julai haijaisha. Siku hizi yuko Bonaberi, anawafundisha watu kutumia kompyuta, na hajavuka Mungo kuja upande huu. Habari ya kiapo ilizunguka haraka miongoni mwa watengeneza programu. Waliokuwa wakijiuliza kama Banda bado ni lao walipata jibu, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba mwenye nyumba anaamini karatasi kuliko watu. Wengi walihama. Kivuko chenyewe hakiko tena Banda. Norvane walimwandikia Enjema wakimkaribisha atie sahihi kiapo kipya, na ajira. Barua hiyo Namondo anafungia vidonge.

Jogoo hakuliwa siku ile. Aliondoka bila mtu kumfungua, na mpaka leo haijulikani nani alimchukua. Wanachama wawili hawaongei na Enjema. Wanasema kreti lilikuja na hakunywa, jambo ambalo halijawahi kutokea kikaoni.

Wiki chache baadaye Ekema alipita dukani kununua dawa ya mafua, akamkuta kaunta.

"Iya, ile sentensi ya mwisho," alimwambia. "Ilikuwa na lazima?"

Enjema alimfungashia dawa, akamrudishia chenji. Akamwambia alikuwa ameiandika tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia, na kwamba mwanzoni ilikuwa ndefu zaidi.